Kulinda macho ya mgonjwa mahututi: mwongozo kamili wa kando ya kitanda

Jamaa wanaoingia ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, saa za kuona wagonjwa hufurahi wakimkuta mtu wao amefumbua macho kidogo. "Nesi, leo mama ametuona," binti husema, na kuinama karibu zaidi. Mara nyingi mama hajaona. Dawa za usingizi zimelegeza kope zake hata hazikutani tena, na ule mstari mweupe unaochungulia katikati ni jicho linalokauka.

Mwongozo huu ni wa wauguzi na maafisa wa kliniki wanaohudumia wagonjwa mahututi Mombasa na pwani kwa jumla. Ni wa jamaa pia, wanaojiuliza kwa nini mgonjwa wao anaguswaguswa machoni usiku na mchana. Karibu kila hatua iliyomo inategemea swali moja la kuulizwa kila zamu: kope zinakutana? Ukilijibu kwa kuangalia, si kwa kukisia, sehemu kubwa ya kazi imeshafanyika.

Jicho linaumia vipi kitandani

Konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ina unene wa takriban nusu milimita tu na haina mishipa ya damu. Hewa huipata kupitia machozi yanayoifunika. Mtu aliye macho hupepesa kope takriban mara 15 kwa dakika, na kila kupepesa ni kufuta na kulowesha. Mwenye usingizi wa kawaida hufunga kope kabisa, na mboni hupanda juu zikajificha. Mgonjwa aliyelazwa kwa dawa hupoteza vyote viwili. Akiongezewa dawa za kulegeza misuli, hata ule msuli mwembamba unaofunga kope hulegea, na hapo jicho hukaa wazi saa baada ya saa bila yeye kuhisi mchanga wala mwasho.

Mombasa inaweza kukudanganya hapa. Nje hewa ina unyevu hata nguo hazikauki upesi, na mtu huona kama macho hayawezi kukauka katika mji huu. Ndani ya ICU mambo ni mengine: kiyoyozi kinakausha hewa mchana kutwa, na kitanda kilicho chini ya tundu la kiyoyozi hupokea upepo huo usoni moja kwa moja. Mahali pasipo na kiyoyozi, panka iliyoelekezwa usoni hufanya vivyo hivyo. Barakoa ya oksijeni isiyokaa vizuri puani huvuja kuelekea machoni, na barakoa ya kusukuma hewa kwa nguvu ndiyo mbaya zaidi.

Kisha kuna uvimbe. Mashine ya kupumulia huongeza shinikizo kifuani, damu ya kichwa inachelewa kushuka, na mgonjwa aliyepewa maji mengi ya mshipani huvimba uso. Utando unaofunika weupe wa jicho hujaa maji, ukatokeza kama malai kati ya kope. Kamba ya kufungia mpira wa kupumulia ulioingizwa kooni ikikazwa mno kuzunguka shingo huzidisha hali hiyo. Ukiona macho yamevimba, kabla ya kutafuta dawa pitisha kidole chini ya kamba. Kisipopita, ilegeze huku mwenzako ameshika mpira usitoke.

La mwisho ni vijidudu. Konea iliyokauka huchubuka, na mchubuko ni mlango. Makohozi ya mgonjwa wa mashine mara nyingi yana bakteria wa Pseudomonas, na huyu akiingia kwenye konea anaweza kuitoboa ndani ya siku moja au mbili. Mtu anaweza kupona mapafu na figo akarudi nyumbani na chamba cheupe katikati ya jicho maisha yake yote.

Siku ya kulazwa

Kabla ya kuanza ratiba yoyote, ondoa kilichoingia na mgonjwa. Angalia kama amevaa lenzi za macho. Hazionekani kwa urahisi, basi mulika kwa ubavu utafute ukingo wake juu ya weupe, na waulize jamaa. Lenzi iliyosahaulika ndani ya jicho lisilopepesa ni hatari kubwa. Kope za bandia zinaweza kuzuia kope halisi zisikutane, na gundi yake hudondosha vipande. Wagonjwa wengine huletwa wametoka moja kwa moja harusini. Wanja nao lazima utoke. Futa polepole kwa gozi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali ya 0.9%. Ukigoma, paka marhamu kidogo juu ya ngozi ya kope, subiri dakika moja, futa tena. Chembe zake zikibaki ndani husugua konea. Waeleze kina mama wa nyumbani kwa heshima kwa nini unaufuta, maana kwa wengine huo ndio urembo na stara ya mgonjwa.

Waulize jamaa pia: ana presha ya macho? Anatumia matone yoyote? Aliwahi kupasuliwa jicho? Matone ya presha ya macho husahaulika sana mgonjwa akiingia ICU kwa ajali au kiharusi, na wiki 3 bila dawa zinaweza kumnyima uoni usiorudi tena. Yaandikwe kwenye karatasi ya dawa siku hiyohiyo.

Kuangalia kope kila zamu

Kosa la kawaida ni kuangalia ukiwa umesimama juu ya mgonjwa. Kutoka juu, nywele za kope huficha upenyo. Inama hadi macho yako yawe chini kidogo ya macho yake, simama upande wa kifua, na umulike kurunzi kutoka shavuni kwenda juu. Usiguse kope kwanza. Unataka kuziona zilivyokaa zenyewe. Kisha andika daraja, jicho la kulia na la kushoto kila moja peke yake, kwani mgonjwa wa kiharusi anaweza kuwa na jicho moja zima na jingine wazi.

Daraja 0: kope zimekutana kabisa.
Daraja 1: weupe unaonekana, konea haionekani.
Daraja 2: sehemu ya konea inaonekana, hata ikiwa ni ukingo wa chini tu.

Daraja 0 huhitaji usafi na kuangaliwa tena zamu ijayo, au mapema zaidi ukiongeza dawa za usingizi. Daraja 1 huhitaji marhamu kila saa 4. Daraja 2 huhitaji marhamu kila saa 4 na jicho lifungwe. Aliyepewa dawa za kulegeza misuli mfululizo mtendee kama daraja 2 hata kama kope zinaonekana zimekutana, kwa sababu ukimgeuza tu zinaweza kuachana.

Kusafisha na kupaka

Andaa gozi tasa, maji tasa au maji ya chumvi ya 0.9%, marhamu ya macho isiyo na dawa yenye msingi wa mafuta ya parafini, kurunzi na glavu safi. Pamba iache, nyuzi zake hubaki ndani ya jicho. Tyubu ni ya mgonjwa mmoja tu, imeandikwa jina lake na tarehe ya kufunguliwa. Tyubu ya wodi nzima inayopita kitanda hadi kitanda ni njia ya kusambaza maambukizi, hata ikiwa imebaki moja kabatini.

1. Nawa mikono, vaa glavu. Pima mboni kwanza kama saa ya kipimo imefika, kwa sababu marhamu itafanya konea iwe na ukungu na utashindwa kuisoma vizuri.

2. Safisha jicho lisilo na tatizo kwanza. Futa kutoka pembe ya ndani, karibu na pua, kwenda nje, mara moja kwa kila gozi, kisha uitupe. Gozi iguse kope na nywele zake, isiburutwe juu ya konea iliyo wazi.

3. Marhamu ya zamani iliyoganda ilainishe kwa gozi yenye maji kwa nusu dakika kabla ya kufuta. Usibandue kwa ukucha wala kwa gozi kavu.

4. Vuta kope ya chini kidogo kwa kidole cha shahada, juu ya mfupa wa shavu, usibonyeze jicho. Weka mstari wa marhamu wa takriban sentimita 1 ndani ya mfereji wa kope ya chini, ukianzia ndani kwenda nje. Ncha ya tyubu isiguse chochote.

5. Achilia kope ya chini, ishushe ya juu kwa upole ifunge, ishikilie sekunde chache ili marhamu isambae. Futa iliyomwagika kwenye ngozi.

6. Badilisha glavu au nawa upya kabla ya jicho la pili ikiwa la kwanza lina matongotongo au wekundu.

Ratiba inayokumbukwa kwa urahisi ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, saa 4 usiku na saa 8 usiku. Ile ya saa 8 usiku ndiyo inayorukwa. Ifunganishe na kumgeuza mgonjwa, basi itakuwa vigumu kuisahau.

Matone ya machozi ya bandia yanafaa, lakini hukaa muda mfupi tu juu ya konea. Kwa mgonjwa asiyepepesa yangetakiwa kutiwa kila saa moja au mbili, na hakuna wodi yenye mikono ya kutosha kulifanya hilo usiku kucha. Ndiyo maana tunapendekeza marhamu. Tetrasaiklini ya tyubu nayo hutumiwa sana kwa kuwa ndiyo iliyopo. Mafuta yake hulainisha, ni kweli, lakini kumpaka mgonjwa antibayotiki kwa wiki kadhaa bila maambukizi hulea vijidudu sugu. Omba famasi walete ya kulainisha tupu.

Kufunga jicho la daraja 2

Njia ya kwanza ni plasta ya karatasi, ile nyepesi inayotoka bila kuchuna ngozi. Baada ya marhamu, kausha ngozi ya kope na shavu la juu kabisa, la sivyo haitashika. Funga kope kwa kidole, hakikisha nywele zake zote zimeelekea nje, kisha laza kipande cha sentimita 4 au 5 kwa mlalo, kishike kope ya juu na ngozi iliyo chini ya kope ya chini. Kunja ncha moja ili upate pa kushika wakati wa kuitoa. Mulika tena upenyo: plasta iliyobandikwa juu ya jicho lililo nusu wazi ni mbaya kuliko kutobandika, kwa sababu sasa gundi inagusa konea na hakuna anayeona. Ifungue kila unapopaka, angalia jicho, bandika mpya. Gozi usiiweke chini ya plasta juu ya jicho. Ikikauka husugua kama msasa.

Njia ya pili, nasi huipenda zaidi kwa ngozi nyembamba za wazee au waliotumia steroidi, ni karatasi angavu ya plastiki, ileile ya kufunikia chakula. Kata kipande kinachoanzia nyusi hadi mfupa wa shavu, kutoka pembeni ya pua hadi panja, na ukishikize pembezoni kwa plasta. Kinatengeneza chumba cha unyevu: machozi hayatoroki, na ukungu ukionekana kwa ndani ujue kazi inafanyika. Tafiti zilizolinganisha njia hii na marhamu au matone zimeiona ikilinda konea sawa nayo au zaidi. Ni rahisi, ipo kila duka, na jicho linaonekana bila kubandua kitu. Badilisha kila saa 12, au mapema ikichafuka. Masharti ni mawili: karatasi itoke kwenye roli safi iliyowekwa kwa kazi hii tu, na isitumike kwenye jicho lenye usaha au wekundu wa maambukizi, kwa kuwa joto na unyevu ndivyo vijidudu wanavyovitaka.

Ule utando uliojaa maji na kutokeza nje usiusukume ndani kwa nguvu. Inua kichwa cha kitanda digrii 30 kama hali inaruhusu, ongeza marhamu, funika kwa plastiki, na umwulize daktari kuhusu maji anayopewa.

Kufyonza makohozi

Hapa ndipo Pseudomonas hupata usafiri. Mwaka 1983 watafiti waliochunguza maambukizi ya macho katika ICU walieleza jambo dogo lenye maana kubwa: jicho la kushoto ndilo lililoshikwa zaidi, kwa sababu mfyonzaji anayetumia mkono wa kulia huuvuta mpira wa kufyonzea kwa mshazari juu ya uso wa mgonjwa, ukidondosha makohozi njiani. Basi simama ubavuni, vuta mpira kuelekea upande wako au chini kifuani, usiupitishe juu ya macho. Kabla ya kuanza, funika macho yote mawili kwa kitambaa safi kisichogusa konea. Mfumo wa kufyonza uliofungwa, usiotenganishwa na mashine, ukipatikana ndio bora. Usisafishe macho kwa glavu ulizofyonzea, hata kama mikono imejaa kazi na kengele ya kitanda cha pili inalia.

Mvuke nao una lake. Ipratropiamu, dawa ya kutanua njia za hewa, ikivuja kutoka kwenye barakoa hupanua mboni. Ukikuta mboni moja kubwa baada ya mvuke, mwite daktari kama kawaida, lakini mwambie na hilo la mvuke.

Kulala kifudifudi

Mgonjwa wa mapafu anayegeuzwa kifudifudi kwa saa 16 au zaidi ana hatari mbili: uvimbe, na kubonyezwa kwa jicho lenyewe. Jicho likikandamizwa na mto au mpira, damu haifiki kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na upofu unaotokana na hapo kwa kawaida hautibiki. Kabla ya kumgeuza, safisha, paka, funga macho yote mawili kwa plasta. Tumia mto wa kichwa wenye tundu au mduara unaobeba paji na mashavu, si matundu ya macho. Mara tu baada ya kumgeuza, mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo pekee apitishe vidole chini ya kila jicho na kuhakikisha hakuna kinachogusa. Kichwa kigeuzwe upande mwingine kila saa 2 hadi 4, na kitanda kiinamishwe chote, kichwa juu, digrii 10 hadi 30.

Wakati wa kumwita daktari wa macho

Kila siku, kwenye mwanga mzuri, tafuta wekundu, usaha, konea iliyopoteza mng'ao wake, na doa jeupe au la njano. Angalia hasa theluthi ya chini ya konea. Huko ndiko kukauka huanzia. Kama wodi ina vijikaratasi vya fluresini, rangi ya kuonyesha michubuko, lowesha ncha kwa tone la maji ya chumvi, gusa ndani ya kope ya chini, funga na kufungua kope kwa kidole mara mbili, kisha mulika kwa taa ya buluu. Palipochubuka patang'aa kijani.

Mchubuko bila doa: ongeza marhamu, funga jicho, mwambie daktari wa wodi, na uangalie tena kesho. Wekundu na usaha bila doa: chukua sampuli kabla ya antibayotiki. Doa jeupe, konea yenye ukungu, au mstari wa usaha nyuma ya konea: daktari wa macho aitwe siku hiyohiyo, si baada ya raundi ya Jumatatu. Kloramfenikoli na tetrasaiklini haziwezi kutegemewa dhidi ya Pseudomonas. Jicho hilo kwa kawaida huhitaji matone kama ya siprofloksasini kila saa, usiku na mchana, na ni vyema sampuli itolewe kwanza. Usilifunge kwa pedi. Usitie matone ya steroidi bila agizo la daktari wa macho. Mwite pia ikiwa damu ya mgonjwa imeota fangasi wa Candida, au ana majeraha ya moto usoni, au ngozi yake inabambuka kwa mzio wa dawa.

Mji huu haukosi mahali pa kuuliza. Lighthouse for Christ ni kituo cha macho kilichopo Mombasa, na ng'ambo ya feri ya Likoni, upande wa kusini, kuna Kwale Eye Centre. Mgonjwa wa mashine hawezi kuvushwa kwa feri kwenda kuonyesha jicho, kwa hiyo namba ya daktari wa macho anayekubali kupigiwa simu ibandikwe ukutani kabla ya kuhitajika. Picha ikitumwa, ipigwe kwa idhini na utaratibu wa hospitali, ionyeshe jicho tu.

Jamaa wakiuliza, na mgonjwa akiamka

Wape jamaa ukweli kwa lugha ya nyumbani: "Mama, macho yake yamefumbuka kwa ajili ya dawa, bado hawezi kutuona. Tunayafunga yasikauke." Watu huja na maji ya zamzam, mafuta yaliyosomewa, asali, hata maziwa ya mama mzazi. Usiwavunje moyo. Waache wampake kwenye paji la uso au viganjani, na uwaambie wazi kwamba hakuna kinachoingia jichoni isipokuwa kilicho kwenye tyubu yake.

Dawa za usingizi zikipunguzwa, ondoa plasta kabla hajaamka. Mtu anayezinduka akakuta giza hushtuka na kujichomoa mipira. Mweleze kwamba ukungu anaouona ni marhamu. Akipepesa vizuri kwa siku nzima na kope zikikutana akisinzia, acha ratiba ya saa 4, mpe matone mchana na marhamu wakati wa kulala kwa siku chache. Asiyepata tena uwezo wa kufunga jicho, kwa kiharusi au jeraha la mshipa wa fahamu wa uso, aonwe na daktari wa macho, ambaye anaweza kuzishona kope kwa muda. Siku ya kuhamia wodi ya kawaida, daraja la mwisho la kila jicho, tarehe ya tyubu na dawa za presha ya macho ziandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa karatasi ya kukabidhiana.